Gari Lililobaki Juu ya Matofali

11 Novemba

Matanga yamekwisha. Watu wamerudi kwao, masufuria tuliyoazima yamerudishwa, na mvua inanyesha tangu alfajiri. Katika uwanja tumebaki mimi, Elysée wangu wa miaka sita, Carmel ambaye bado anatambaa, mama mkwe wangu Mama Générose, na gari.

Gari liko vile lilivyobaki siku ile. Mbele, upande wa kushoto, halina gurudumu. Wanaume waliolinyanyua kwa mikono ili kumtoa mume wangu Ghislain walisukuma chini yake janti moja ya zamani, chuma cha ndani ya gurudumu, na matofali yaliyosalia kati ya yale yaliyovunjika chini yake, kisha wakakimbia naye hospitali. Upande wa kulia kuna kriki, kile chuma chake cha kunyanyulia gari. Hakuna aliyerudi kugusa kitu. Mama mkwe amesema liachwe hivyo hivyo mpaka kaka yake, Papa Éliézer, ateremke kutoka Kirungu. Kwao mjomba ndiye anayekata maneno ya kifo. Aje aone kwa macho yake vile Samy alivyomuua mpwa wake.

Samy alikuwa rafiki wa mume wangu tangu shule. Siku ile yeye ndiye aliyeshika mkono wa kriki. Wanasema aliiteremsha makusudi, kwa kuionea wivu teksi hii, Ghislain akiwa chini anabadilisha freni, zile breki za mbele. Mimi nilikuwa ziwani nikifua, sikuona. Lakini moyoni nasema: kama si yeye, nani?

Mama mmoja wa parokia ameniambia niandike badala ya kulia mbele ya watoto. Basi naandika.

14 Novemba

Mvua. Nimeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni, Carmel mgongoni. Nimechoka.

19 Novemba

Kuku wamepata nyumba mpya: chini ya gari, ndipo pakavu. Na penye kuku Carmel yupo. Leo nimemkuta ameingiza kichwa na mikono, makalio tu yako nje. Nilimvuta kwa mguu, akalia kama nimempiga.

Nikamwambia mama mkwe, "Mama, tuliteremshe hili gari. Siku moja litaanguka tena."

"Nani ataliteremsha?"

"Tutatafuta watu."

"Watu gani? Umeona muntu anakubali kuweka mukono pale? Wote wanaogopa, na wewe uogope. Ile njo ushahidi wetu. Ukiigusa, Samy atacheka."

"Na mutoto akiingia chini?"

"Umufunge."

Basi nimemfunga. Nimemzungushia kitenge kiunoni na kukifunga kwenye nguzo ya mlango, kama mbuzi wa sikukuu. Alifikiri ni mchezo. Mimi niliingia ndani.

26 Novemba

Haya matofali Ghislain aliyafyatua mwenyewe wakati wa kiangazi ili tujenge jiko. Hakuyachoma. Alisema tutayachoma mwaka ujao, kuni ni ghali. Tofali lisilochomwa ni udongo tu uliolala katika umbo, na mvua inauamsha. Asubuhi natoka na ndoo, jicho linakwenda pale kwanza. Leo tofali la chini limefanya kiuno.

3 Desemba

Nimemwona Samy kwenye barabara ya bandari, juu ya pikipiki yake, anangoja wateja. Amekonda. Akasema, "Mama Elysée, watoto wako hawajambo?"

"Usitaje watoto wangu kwa kinywa chako."

Mama mmoja alikuwa anapanda nyuma yake na mfuko wa mihogo. Aliposikia, akateremka akaenda kwa mwingine. Nikafurahi. Furaha hiyo nilifika nayo hadi kwenye mto, kisha sikuiona tena.

8 Desemba

Ziwa limepanda tena. Maji yamefika kwenye ua wa jirani wa chini. Ardhi yetu ukiikanyaga inakanyagika kama ugali wa moto.

13 Desemba

Leo lazima niandike yote.

Kitenge kilifunguka. Nilikuwa nachambua mboga, nikainua macho, na nguzo ilikuwa na kitenge bila mtoto. Sikuita. Nilijua. Nikainama na kumwona Carmel chini kabisa, katikati, amekaa na kifaranga mapajani. Anacheka.

Hakufikika kwa mkono. Upande wa matofali nilikuwa naogopa hata kupumua, basi nikazunguka upande wa kulia nikalala kifudifudi kwenye matope, nikaingiza kichwa na mabega. Nikamwambia polepole, "Kuja kwa mama. Leta kifaranga." Akakataa. Nikamwimbia. Yule mtoto ana kichwa kigumu cha baba yake. Alinisikiliza mpaka mwisho wa wimbo kama mtu wa kanisani, ndipo akaanza kutambaa.

Na wakati huo wote nilipokuwa nimelala pale, kriki ilikuwa mbele ya uso wangu, karibu kama sahani. Nikaiona.

Imepanda. Imeinama kidogo, lakini imepanda mpaka juu, mguu wake wa chuma umefunguka wote, na mzigo bado uko kichwani mwake. Haikuteremshwa, hata kidogo. Mtu akiteremsha kriki, inajikunja, nimeona Ghislain akifanya hivyo mara nyingi. Hii haijajikunja. Tangu siku ile hakuna aliyeigusa, mama mkwe mwenyewe amehakikisha, amelinda hili gari kuliko sanduku la sadaka.

Nilimtoa Carmel nikamshika mpaka akalia kwa kubanwa. Kisha nikamtazama mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kichwani.

"Mama, kuja uangalie kriki."

"Siangalii pale."

"Angalia mara moja tu. Haikuteremuka."

"Mutoto wangu alifia pale. Unataka niiname pale?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeolewa na mwanangu ama na Samy?"

Nilimwosha Carmel. Yale maji yalitoka mekundu kwa udongo, nikayamwaga mbali.

14 Desemba

Sikulala. Kama Samy hakuteremsha, basi upande wa kulia haukuanguka. Ulioanguka ni wa kushoto, wa matofali. Na matofali yaliwekwa na nani?

20 Desemba

Nimewafukuza kuku. Nimeweka miiba kuzunguka gari lote. Elysée ameniuliza kama gari ni mgonjwa. Nimesema ndiyo.

25 Desemba

Noeli. Wali na samaki. Tulipotoka misani mama mkwe hakuingia ndani, alichukua kigoda akaenda kuketi karibu na ile miiba, na kilemba chake kipya kichwani. Nilifikiri analinda. Nikampelekea sahani, nikamkuta anaongea. Alikuwa anamweleza Ghislain padri alisema nini, nani alikuwa na nguo gani, na kwamba kwaya iliimba vibaya.

Majuma haya yote nilidhani anataka gari libaki kwa ajili ya kesi. Niliweka sahani kando yake, nikarudi taratibu.

4 Januari

Habari kutoka kwa Papa Éliézer: barabara ya kutoka Kirungu imekatika, na mtumbwi wa Moba una injini mbovu. Atakuja mvua zikipungua. Lisiguswe.

9 Januari

Saa ya chakula tulisikia mlio, kama mtu anayeketi kwenye kiti kibovu. Tofali la chini limekwisha. Gari limeshuka upana wa kiganja, sasa linalalia janti peke yake, nayo inazama. Majirani walikuja wakasimama mbali, wakajifanyia ishara ya msalaba, wakaondoka. Hakuna aliyesema, tuwasaidie.

Ghislain, nakuandikia wewe mara hii moja. Umetuachia kitu hiki uwanjani na kila siku nakisikiliza kama mtu anayesikiliza kikohozi cha mtoto.

10 Januari

Nimekwenda kwa Samy. Amehamia chumba kimoja nyuma ya soko. Mlangoni wamemwandikia kwa mkaa neno mchawi. Amelifuta lakini linasomeka. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Nimeona kriki," nikasema. "Iko juu."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Umechelewa kuiona."

"Unieleze."

"Kriki ilikuwa moja. Tulipandisha upande wa kushoto, tukatoa gurudumu, akaweka matofali, tukateremusha gari juu yake. Kiisha akaniambia nipeleke kriki upande wa kuume, tutoe na la pili. Mimi nilianza kuzungusha. Yeye akaingia chini kushoto, ati asipoteze wakati. Mashua ya Kigoma ilikuwa imefika, alitaka kuwa bandarini mbele ya wenzake. Nilimwambia, toka kwanza, nipandishe, kiisha utaingia. Akasema, 'Samy, unaogopa kama bibi-arusi. Pandisha.'"

"Na wewe?"

"Nikapandisha."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara. Alingoja wapite.

"Nilipoinua huku, uzito wote ulikwenda kule, kwa matofali. Nyuma hatukuweka hata jiwe moja kwa magurudumu. Kila muntu ananiuliza kama niliteremusha, Mama Elysée. Hakuna anayeniuliza kama nilipandisha. Kwa ile ningejibu."

Nilikwenda pale nikiwa na maneno ya kuomba msamaha. Sikuyatoa. Niliogopa yangekuwa madogo. Nikamwambia tu, "Gari linazama na Carmel ameanza kusimama. Nisaidie kuliteremsha."

"Nikiligusa wataniua. Kriki ile njo mudomo wangu. Ikitoka pale, kwa Papa Éliézer nitasema na nini?"

Nilikuwa sijafikiri hilo. Nimetembea mpaka nyumbani nikilifikiri. Nikiliacha gari, Samy ana neno lake na mtoto wangu ana kifo kinamngoja uwanjani. Nikiliteremsha, mtoto anapona na Samy anafukuzwa mjini na jina la mchawi.

17 Januari

Mvua siku nzima. Carmel amepiga hatua zake za kwanza, kutoka kwangu kwenda kwa bibi yake. Bibi alipiga vigelegele, kisha akakumbuka, akanyamaza. Kisha wote wawili tukatazama gari.

2 Februari

Jua siku ya pili. Samy, niliporudi kwake na kumwahidi shahidi, alikubali, ila alisema ardhi ikiwa uji isiguswe; sasa imeshika. Nimeamua, ila si bila mama.

Nilimkuta kwenye kigoda chake. Nikapiga magoti.

"Mama, kesho gari linateremka. Sikuombi ruhusa. Ninakuomba macho. Papa Éliézer hatakuta kitu. Wewe njo utakuwa umeona."

"Unaniamuru?"

"Ndiyo, Mama."

Alinitazama. Nilifikiri atanipiga. "Ghislain alisema una adabu," akasema. "Alikuwa na mapenzi, hakuona mbali."

Lakini akasimama. Nikaondoa miiba upande wa kulia. Nilimshika mkono, akashuka kwa magoti, kisha kwa viwiko, mwanamke mzima na kitambaa chake cheusi cha msiba, akaweka shavu karibu na udongo. Alikaa pale. Nilianza kuogopa kwamba ameshindwa kuinuka. Mara akatoa sauti, si kilio, ni kama mtu anayeshusha ndoo nzito.

Nilipomwinua alijipangusa magoti, akaingia ndani, hakula. Usiku nikamsimulia maneno yote ya Samy.

3 Februari

Imefanyika. Naandika vile ilivyokuwa.

Papa Barnabé, jirani yetu wa juu aliyefanya kazi ya reli mpaka uzee, ametupa zile mbao nene za kulazia reli, alizokuwa amezifanya sakafu ya bata wake. Hakuogopa. "Hizi zilibeba treni ya Kabalo," akasema. "Gari lenu ni kuku. Ila zina mavi ya bata, mtasamehe." Amekopesha pia kriki yake.

Watoto niliwafungia ndani na bibi yao. Samy alifika, akasimama kwenye mlango wa ua kama mtu aliyesahau kuingia. Majirani walipanda juu ya ua kutazama. Mmoja akasema kwa nguvu, "Anarudia kazi." Papa Barnabé akamjibu, "Kuja ufanye wewe, baba mwenye mikono safi."

Samy hakukubali haraka hata kidogo. Kwanza mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kisha ubao mpana chini ya kriki ya Papa Barnabé, isizame. Akaiweka kwenye chuma kigumu cha ubavu, si kwenye bati. Akainua kidogo sana. Mimi nikasukuma mbao kwa fimbo, mbili hivi na mbili kukata juu yake, bila kuingiza hata kidole. Akainua tena, nikaongeza. Kila mara alisema neno moja, "Ngoja," na kila mara nilingoja. Kisha akalishusha likalala juu ya mbao, akalisukuma kwa bega, likakataa kusogea. Ndipo tukaondoa janti na uji wa matofali, tukarudisha gurudumu, tukaliteremsha chini. Upande wa kulia tukafanya vilevile. Alipoanza kuizungusha ile kriki ya Ghislain ili ijikunje, mikono yake ilimshinda. Nikaizungusha mimi.

Gari lilisimama kwa miguu yake minne. Samy alikwenda nyuma ya nyumba. Nilimwacha huko.

Ghislain hakuwa mjinga. Alijua kazi hii yote niliyoiona leo. Alijua na hakuifanya. Nimemkasirikia kwa mara ya kwanza tangu afe, na hasira hiyo inauma kuliko kilio.

11 Februari

Mvua zimerudi. Carmel anatembea uwanjani pote, na mimi nimeketi. Tu.

2 Machi

Papa Éliézer amefika na mtumbwi wa Moba, yeye na wazee wawili. Baada ya misa waliketi uwanjani. Samy aliitwa, akasimama. Nilijua kwamba nje vijana wanangoja neno tu.

Mzee alitazama gari, akatikisa kichwa. "Nani aliligusa?"

"Mimi, Papa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Carmel."

"Carmel ni nani?"

Nilimwinua nikamwonyesha. Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Papa Éliézer hakucheka.

"Basi hakuna cha kuona. Mwanamuke amefuta, na huyu kijana amemusaidia. Kwangu hiyo ni jibu."

Nilifungua mdomo. Mama Générose akaniwekea mkono juu ya goti.

"Kaka, kriki ilikuwa imesimama," akasema. "Niliiona. Nililala kwenye matope nikaiona kwa macho haya. Haikuteremuka."

"Dada, una uchungu."

"Nina uchungu. Sina upofu."

"Basi nani alimuua mutoto?"

Nilisikia mkono wa Mama ukikaza gotini pangu. Nilijua anachotakiwa kutoa, na kwamba hana kingine. Akisema ni mchawi, angebaki na mtoto asiye na kosa.

"Alikuwa na haraka," akasema. "Hata kuzaliwa, nilimuzaa njiani, hakungoja nifike kwa wauguzi. Aliingia chini ya gari lisiloshikwa, na mwenzake akimukataza. Uandike hivyo kichwani mwako, kaka, uende nayo Kirungu. Na huyu Samy asiguswe."

Kisha Papa Éliézer akatoka nje ya ua mwenyewe, akaongea na vijana. Walitawanyika wakinung'unika. Samy alipopita mbele ya mama mkwe aliinama. Mama hakumtazama. Kumtetea aliweza, kumtazama bado.

9 Machi

Papa Éliézer amerudi kwao. Mama hajasema nami juma zima ila mambo ya chumvi na maji.

Leo kabla ya jua kuzama aliwasha mkaa kwenye mbabula, akateleka birika la chai. Kisha akaja kusimama kando ya gari.

"Nionyeshe vile alipaswa kufanya."

"Mama, ya nini?"

"Nionyeshe."

Nilimwonyesha. Nilivuta mawe, nikaziba magurudumu ya nyuma. Nikaweka ubao, na kriki juu ya ubao. Nikazungusha. Nikapanga mbao za Papa Barnabé, mbili hivi, mbili kukata, mpaka zikagusa chuma, nikaliteremsha gari likazilalia. Sikuharakisha kwa ajili yake, wala sikuchelewesha. Mwisho nikalisukuma kwa mikono yote miwili. Halikusogea.

"Sasa njo angeingia?"

"Sasa, ndiyo."

"Njo yote?"

"Njo yote, Mama."

Aligeuka akatazama birika. Akalisogelea, akafunua kifuniko, akaingiza kidole ndani ya maji, akakiacha humo. Hakukitoa kwa haraka, hakuungua.

"Kazi yote imekwisha, na maji bado hata kupata moto," akasema.

Nikaenda nikaketi naye chini, karibu na mkaa, tukayangoja.